Kalunguyeye Hana Zamu ya Asubuhi

Walisema ni kalunguyeye. Waliandika, wakapiga muhuri, wakabandika kwenye ubao ulio kando ya chumba cha kubadilishia nguo ili kila mwenye macho asome: mfanyakazi wa chumba cha barafu "amechomwa na miiba ya kalunguyeye nyumbani kwake, nje ya saa za kazi, hivyo tukio hili halihusiani na kiwanda." Nilisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma kama mpita njia. Mara ya pili nilisoma kama dada, maana mfanyakazi huyo ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Mara ya tatu nilisoma kama Faili. Hilo ndilo jina walilonipa wenzangu, kwa sababu kichwa changu hakitupi karatasi.

Mdogo wangu alichomwa Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, ndani ya chumba cha barafu, mbele ya trei za nyenga. Nyenga ni samaki bapa, mpana kama ungo, mwenye mkia mwembamba kama mjeledi, na juu ya mkia huo amebeba mwiba. Ndiyo maana kiwandani kwetu tulikuwa na sheria isiyohitaji karatasi: mkia hauvuki mlango. Mikia yote ilikatwa mapokezi, mezani, kabla samaki hajaingia kwenye baridi, kisha ikafukiwa shimoni nyuma ya kiwanda ili hata mbwa asiikanyage. Miezi miwili iliyopita msimamizi wetu, tunayemwita Kengele kwa jinsi anavyopenda kutukimbiza, alisema kukata mikia kunakula muda. Nyenga wakaanza kuingia wazima, mkia umekunjwa chini ya tumbo, wanagandishwa watatu watatu katika kibonge kimoja. Mdogo wangu alikuwa akitenganisha kibonge kwa mikono. Mwiba ukapita glavu, ukazama kiganjani, chini ya kidole cha kati.

Kitabu cha ajali kinatoa siku saba. Kikiandikwa "kazini", kiwanda kinampeleka hospitali kubwa kwa daktari wa upasuaji, na nafasi yake inamngoja. Kikiandikwa "nyumbani", anahesabiwa mtoro tangu Alhamisi ile, na mtoro wa siku saba hana kazi. Kikao cha kuamua kiliwekwa Jumatano. Na mkono ulikuwa ukivimba, umejaa hadi kwenye kifundo, ngozi inang'aa kama ya bilauri.

Sikushangaa kwamba wamedanganya. Nakumbuka yule kijana wa mashine ya kufungia makasha alipopoteza kidole gumba. Walisema alikuwa akichanja kuni kwao. Nakumbuka yule mama wa usafi aliyeteleza kwenye maji ya samaki akavunjika nyonga. Walisema alianguka akicheza harusini, mtu ambaye hajahudhuria harusi hata ya kwake mwenyewe. Nakumbuka fundi wa boila aliyeungua kifua. Walisema alilala karibu na jiko. Ukiwasikiliza wakubwa hawa, watu wote wa kiwanda chetu huja kazini kupumzika na kurudi nyumbani kuumia.

Lakini kuni kila nyumba inazo. Kalunguyeye si kila nyumba ina wake. Sisi tunaye. Anaishi chini ya pipa la maji uani kwa mama yetu, analala mchana kutwa, na giza likiingia anatoka kula mende. Mtu wa ofisini hawezi kuota mnyama huyo kwa bahati. Kuna mdomo uliombeba kalunguyeye wetu kutoka uani ukamfikisha mezani kwa Meneja. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kukagua nguo.

Nilianza na Mama.

"Mama, nani wa kiwandani amekuja hapa mwezi huu?"

"Amekuja mtu wa mita ya maji."

"Nimesema wa kiwandani."

"Kwani mita zinatoka wapi, si kiwandani?" Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Unaniuliza kama askari. Kaa chini kwanza, umenisimamia kama deni."

"Ulimwonyesha kalunguyeye?"

"Nilimwonyesha mita. Kalunguyeye alikuwa amelala. Hata ningetaka kumwonyesha, yule bwana hapokei wageni mchana."

Mdogo wangu akacheka kutoka ndani, halafu kicheko kikakatika kwa maumivu. Nilikwenda kumtazama. Alikuwa ameuweka mkono juu ya mto kama mtoto mchanga.

"Dada, acha kumsumbua Mama. Nipeleke kwa Sista tu nibadilishiwe bandeji."

"Kwa Sista huendi."

Sista ni muuguzi wa zahanati ya kiwanda, mwanamke mnyamavu, mwenye viatu visivyo na sauti. Mtu mwenye viatu visivyo na sauti mimi humpa jicho. Siku ile ya Alhamisi nilikuwapo alipompokea mdogo wangu, na mambo mawili yalinikaa kooni. La kwanza, alimtia mkono kwenye beseni la maji ya moto, moto wa kuvumilika kwa shida, akamkalisha hivyo saa nzima mpaka kidonda kikawa cheupe kama kimechemshwa. Nikajiuliza, huyu anatibu au anaosha ushahidi? La pili, alishika fomu yake akauliza kwa sauti ya upole: "Nyumbani kwenu mnafuga mnyama gani?" Mdogo wangu akamjibu yote, pamoja na kalunguyeye. Nilipochungulia daftari lake, pale penye sababu ya jeraha alikuwa ameandika neno moja, "mwiba", na mbele yake ameacha nafasi tupu. Mwiba wa nini? Wa ua? Wa mchongoma? Nafasi tupu ni mlango uliosahauliwa wazi kwa makusudi.

Basi nikamkataza mdogo wangu kurudi kule. Siku tano nilimwosha mimi mwenyewe kwa maji ya chumvi, nikamfunga kitambaa safi nilichokipiga pasi. Nilijua ninalolifanya, au ndivyo nilivyojiambia.

Jumanne jioni nilikaa uani na ushahidi wangu. Mimi shule niliiacha darasa la nne. Yaliyobaki nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia samaki na kwenye kitabu kimoja cha sayansi kisicho na jalada. Lakini macho hayahitaji cheti. Mkononi nilikuwa na mkia wa nyenga, ambao nilikuwa nimeutoa kiwandani Jumatatu kwa njia yangu. Kwenye ndoo nilikuwa na kalunguyeye, ambaye nilikuwa nimemtoa chini ya pipa kwa njia ya Mama, yaani kwa kumbembeleza na kipande cha yai.

Nilimweka juu ya gunia. Akajikunja akawa mpira. Nilimsukuma kwa kidole, nikamsukuma kwa kiganja, nikamwegemea kidogo. Alichoma, ndiyo, kama brashi ngumu ya kusugulia sakafu inavyochoma. Miiba yake ni mingi mno kuhesabika, myembamba kama sindano ya kushonea, mifupi, haifiki hata kiungo cha kwanza cha kidole changu, nayo ni laini ubavuni toka mwanzo hadi mwisho. Ukiuchomoa mmoja, unatoka ulivyoingia. Kwa glavu zetu za kazi, zile nene za mpira, nilijaribu: haikupita.

Kisha nikaulaza mwiba wa nyenga kando yake. Mmoja tu, lakini mrefu kupita kidole changu cha kati, bapa kama kisu cha kufungulia barua, na kingo zote mbili zina meno. Nilipitisha uzi kuelekea ncha, ukateleza. Nilipourudisha nyuma, ukanasa na kukatika. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mdogo wangu alipiga yowe la pili, lile la kuuchomoa, lililokuwa kubwa kuliko la kwanza. Mwiba wa nyenga unaingia kama mgeni na kutoka kama mwizi, umebeba nyama. Na juu yake kuna utando wa utelezi, ambao kile kitabu kisicho na jalada kilisema ndio wenye sumu.

Nikachukua daftari langu. Niliandika yote: urefu, unene, meno, glavu. Niliandika pia kwamba viumbe hawa wawili wana jambo moja la pamoja: hakuna hata mmoja anayemtafuta mtu. Mmoja yuko chini ya pipa, mwingine amejifukia mchangani, kila mmoja na shughuli zake. Mpaka akandamizwe.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea kizingiti, ananitazama.

"Umewapatanisha?" akauliza.

"Nimewatofautisha. Kesho watasikia."

"Mimi naona wako sawa na sisi. Mimi nikiguswa najikunja, nasubiri waondoke. Wewe ni huyo mwenye mkia. Ukikanyagwa Jumatatu, unachoma Jumapili, tena unamchoma aliye karibu."

"Nani niliyemchoma?"

Aliuinua mkono wake juu ya kifua, akarudi ndani. Mama alimchukua kalunguyeye kutoka juu ya gunia, akamrudisha chini ya pipa, akisema, "Samahani baba, wamekusumbua usingizi kwa kesi isiyo yako."

Jumatano saa nne kasorobo nilikuwa kwenye varanda nje ya ofisi ya Meneja. Mpima mizani alipita na karatasi zake. Ni mtu mzima, mcheshi, nimefanya naye kazi miaka kumi na moja.

"Faili! Umemleta shahidi? Yule wa chini ya pipa?"

Nilimkazia macho. "Wewe umejuaje kuhusu pipa?"

"Nimejuaje?" Akacheka mpaka karatasi zikamwanguka. "Si wewe uliyetusimulia? Wakati wa chai, kabla ya mwisho wa mwezi. Ulipanda juu ya kasha, ukaigiza Mama anavyombembeleza, ukasema kalunguyeye wenu ana haki kuliko sisi maana yeye zamu ya asubuhi halazimishwi. Tulivunjika mbavu. Hata Kengele alisimama pale mlangoni anacheka."

Nilikumbuka. Mimi ninayekumbuka kila kitu, nilikumbuka kila kitu: kasha, kikombe, vicheko, na Kengele mlangoni, bega moja kwenye fremu. Ulimi hauna mfupa. Siku sita nilikuwa nimemtafuta msaliti kwa mama yangu, kwa mtu wa mita, kwa Sista, na msaliti alikuwa amevaa viatu vyangu.

Sikupata muda wa kuumia. Mlango ulifunguliwa.

Ofisi ya Meneja ina meza ya kioo na kiyoyozi kinachokohoa. Meneja alikuwa katikati, Kengele kulia kwake, Sista kushoto na daftari la zahanati mapajani. Mdogo wangu alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Ilibidi aje, hivyo ndivyo kanuni inavyosema, hata kama joto la mwili wake lingeweza kupasha chai.

"Mama," Meneja aliniambia, kwa ule upole wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, "sisi sote tunamhurumia mdogo wako. Lakini lazima tufuate ukweli. Msimamizi, eleza."

Kengele alisimama kama anayeimba wimbo wa shule. "Mikia yote ya nyenga hukatwa mapokezi. Hakuna mkia unaovuka mlango wa chumba cha barafu. Haujavuka hata mmoja tangu nimeshika usimamizi. Kwa hiyo mwiba wa nyenga mle ndani hauwezekani."

Meneja aliandika. Nilimwona akiandika neno kwa neno, nami nikangoja mpaka kalamu itulie.

Kisha nikafungua daftari langu, nikasoma. Nilisoma urefu, nikasoma meno, nikasoma glavu. Sikupiga kelele, nasema kweli. Sauti yangu ndiyo iliyo kubwa. Nilitoa pakiti niliyofungia miiba mitatu ya kalunguyeye, ile anayoiangusha mwenyewe, nikaipanga kwenye kioo. Ilionekana kama nywele za fagio. Halafu nikatoa mkia wa nyenga kwenye gazeti, nikaulaza kando.

"Muulizeni daktari yeyote," nikasema, "kati ya hawa wawili, nani anaweza kupita glavu ya mpira na kuzama hadi kwenye mfupa. Tena muulizeni kalunguyeye alikuwa wapi saa mbili na robo asubuhi. Amelala. Yeye hana zamu ya asubuhi."

Meneja aliugusa ule mkia kwa ncha ya kalamu. "Huu umetoka wapi?"

Hapo nilibanwa. Nilikuwa nimepanga kusema nimeununua sokoni, uongo mdogo kulipia uongo mkubwa, lakini maneno yalisita. Nilimwona mdogo wangu ananitazama. Sekunde ile ya kusita ndiyo iliyotuokoa, maana Kengele hakuweza kuvumilia. Macho yalimtoka.

"Mwizi!" akaruka. "Meneja, mwizi huyu! Nilimwona kwa macho yangu, Jumatatu, saa tisa! Aliukata kwenye trei ya nne, akautia ndani ya gambuti lake! Nilinyamaza nimkamate leo mbele yako!"

"Trei ya nne ya wapi?" nikamuuliza.

"Usijifanye hujui! Trei ya nne, chumba cha..."

Alibaki amefungua mdomo, kama samaki aliyewekwa kwenye mizani. Meneja alitazama karatasi yake, pale wino wa "haujavuka hata mmoja" ulikuwa haujakauka vizuri. Aliiweka kalamu chini taratibu sana.

"Chumba cha barafu," alimalizia Sista. Ilikuwa mara ya kwanza asikike. "Meneja, naomba niseme, kwa sababu mgonjwa anatetemeka. Mimi nilijua tangu Alhamisi kwamba ni nyenga. Nilimtia mkono kwenye maji ya moto saa nzima kwa sababu sumu ya nyenga huvunjwa na joto. Mtu aliyechomwa na kalunguyeye humpi maji ya moto, unampa plasta. Swali la wanyama wa nyumbani liko kwenye fomu, namuuliza kila mtu mwenye jeraha, hata aliyeangukiwa na kasha. Na nafasi tupu mbele ya neno 'mwiba' niliiacha kwa sababu uliniagiza wewe, mpaka uchunguzi wako uishe."

Meneja alifungua mdomo. Sista hakumpa nafasi, aligeuka kwangu.

"Lakini kuna jambo sijalielewa. Nilimwambia arudi kesho yake asubuhi. Kipande cha mwiba kimebaki ndani, nilikihisi. Ningekuwa nimemwandikia dawa ya kuzuia usaha na barua ya hospitali bila kumngoja mtu yeyote. Siku tano. Nani alimkataza?"

Nimewahi kusimama mbele ya mameneja watatu, afisa wa kazi, na polisi mara moja. Sijawahi kutafuta pa kuweka mikono ila siku ile.

"Mimi," nikasema.

Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Hakunitetea.

Meneja ni mtu wa kusoma upepo. Alivuta kitabu cha ajali, akaandika "kazini", akaandika "mwiba wa nyenga", akaandika trei na saa, akasaini. Nilisimama nyuma ya bega lake nikasoma kila herufi. Gari la kiwanda likaagizwa. Mdogo wangu alipotoka akisaidiwa na Sista, Meneja alivuta karatasi nyingine, safi, akaandika jina langu juu yake. Wizi wa mali ya kiwanda: mkia mmoja wa nyenga. Ile mikia tunayoifukia shimoni kama uchafu, siku hiyo ilikuwa mali.

"Na msimamizi wako?" niliuliza.

"Hilo ni la ndani," alijibu.

Mimi nilifukuzwa kazi, Kengele bado ni msimamizi. Nalikumbuka hilo pia, na wenzangu niliwaachia daftari. Siku hizi, nasikia, hakuna anayegusa trei ya nyenga mpaka mmoja wao aingize taa na kutazama chini ya matumbo. Wakipata mkia, wote wanavua glavu na kukaa. Kengele anapiga kelele, nao wamekaa. Nimewaambia wasichoke, na wasimwamini.

Hospitalini walikitoa kipande, kidogo kama punje ya mchele, na meno yake mawili. Daktari alisema kingetolewa Ijumaa, kidole kingekunjika. Kilitolewa Jumatano. Hakikunjiki. Mdogo wangu amerudi kazini, anakunja makasha, kidole cha kati kimesimama muda wote kama kinaomba ruhusa ya kusema.

Wiki mbili baadaye Sista alikuja nyumbani kutoa nyuzi. Hakuitwa, alikuja mwenyewe baada ya kazi, na viatu vyake visivyo na sauti. Nilimfungulia. Nilimtazama mkoba wake, nikamtazama mkasi wake, nikamuuliza umechemshwa lini.

"Leo saa kumi," akasema. "Unataka kunusa?"

Mama alicheka jikoni. Sista alikaa kwenye kiti changu, akauweka mkono wa mdogo wangu juu ya taulo, akaniambia nimshike kiwiko asijitikise. Nilipiga goti, nikashika. Ngozi yake ilikuwa ya kawaida tena, haina moto. Nikainama kuona vizuri mkasi unaingia wapi.

"Dada," akasema mdogo wangu, "tazama ukuta. Unamtisha Sista."

Nikatazama ukuta. Nyuzi zilikuwa sita. Nilizihesabu kwa masikio.